Mwaka wa Kusafisha Tembo

Mtakaoisoma sura hii mnivumilie. Mwandiko wangu unalala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na herufi nyingine huenda nimezikosea, kwa kuwa shule yangu iliishia darasa la saba na tangu hapo sijapata mtu wa kunisahihisha. Naandika polepole. Ukurasa mmoja hunichukua kuanzia chai ya asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, na sentensi ikishakaa vibaya naiacha ilivyo. Ningeweza kuandika kwa kompyuta, maana kuitumia najua, ila mashine ile niliishiwa hamu nayo mwaka huu nitakaousimulia, na sijaona sababu ya kuirudishia heshima.

Kilichonifanya nishike kalamu ni arobaini ya Bi Zaituni. Ilisomwa Zombo, nyumbani kwa mdogo wake Athumani, nami nilitoka Kilosa mjini mapema kwa bodaboda, nimepakata mfuko wa mchele. Hitma ilipokwisha na masinia ya pilau kuwekwa mkekani, gari jeupe likaingia uani. Akashuka mwanamume aliyevaa kizibao chenye mifuko mingi, cha aina wanayovaa watu wanaotaka waonekane wametoka porini hata wakiwa wametoka hotelini. Sikuhitaji kumtazama mara mbili. Alikuwa Gervas, ambaye mwaka ule wote tulimwita Mratibu. Tumbo limeongezeka, sauti ni ileile. Akaomba nafasi ya kusema machache, akapewa kwa kuwa mgeni hanyimwi, akasimama pilau ya watu ikipoa mbele yao akasema marehemu alikuwa mdau muhimu sana katika ngazi ya jamii. Athumani alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni yangu, maana nyonga yake haimruhusu kukaa mkekani. Akaniinamia, akaniita kwa kifupi cha jina langu, Sikudhani.

"Siku, amesema dada yangu alikuwa nini?"

"Mdau."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mtu wanayempiga picha."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mgonjwa aliyetajiwa jina la ugonjwa alionao siku nyingi. Mratibu alimaliza, akanawa mikono, akala sahani mbili, na mimi nikakaa pale nikimtazama anavyotafuta nyama kwenye wali wa msiba, nikajua kwamba dharau niliyodhani imekwisha ilikuwa imelala tu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nachapa barua kwenye duka la steshenari pale Mabwerebwere, hukuhuku Kilosa: maombi ya kazi, mikataba ya viwanja, matangazo ya misiba. Niliipenda kazi ile kwa sababu mteja hutazama kioo, hakutazami wewe. Mimi ni mtu wa haya. Nikisalimiwa na watu watatu kwa pamoja huwajibu wote kwa kutazama chini. Siku moja Mratibu aliingia kutoa fotokopi, akasimama nyuma yangu akiangalia ninavyochapa, kisha akasema mradi wake kule Mikumi unatafuta mtu wa kuingiza data. Nilidhani ameona uhodari. Baadaye nilielewa kwamba alichokiona ni kuwa tangu aingie sikuwa nimesema neno zaidi ya shikamoo. Watu wa namna yake humpenda sana mtu asiyesema. Humwita mwadilifu.

Mikumi nilipanga chumba kwa Bi Zaituni, nyuma ya barabara kuu iendayo Iringa. Kilikuwa chumba cha rangi ya kijani hadi kiunoni, na kuanzia hapo kwenda juu ni chokaa, kana kwamba mpakaji aliitwa akaondoka. Dirisha lilitazama jikoni kwake, na jiko lile ndilo lililokuwa saa yangu. Nikisikia mwiko unagonga sufuria ya supu najua madereva wa malori wameanza kufika. Nikisikia anasukuma chapati huku akimsema mtu ambaye hayupo najua kumekucha kabisa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa, na aliongea kama anayekata nyama, kwa pigo moja. Siku ya kwanza niliyomsalimia alinitazama akasema, "Marahaba. Una sauti, basi. Nilidhani nimepangisha chumba kwa paka." Alinilisha tangu jioni ile na hakuwahi kuniuliza kwetu ni wapi. Hilo nalo nililipenda.

Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga. Chumba chetu kilikuwa zamani cha mtoto wa mwenye nyumba, kuta zake za waridi, na mlangoni palikuwa na picha ya sungura ambayo hakuna aliyeibandua. Juu ya sungura walikuwa wamebandika karatasi iliyoandikwa KITENGO CHA TAKWIMU. Nyani walikuja kila siku kufungua pipa la taka nje ya dirisha, na nasema kwa uaminifu kwamba wale ndio waliokuwa wakifanya kazi kwa bidii kuliko wote katika kiwanja kile. Mratibu aliingia saa nne, akafunga mlango wake, na punde harufu ya chipsi na kuku ikapita chini ya mlango kutufikia sisi tuliokuwa na mihogo ya kuchemsha. Akitoka alikuwa akisema na simu kuhusu wadau na changamoto na fursa. Sijawahi kumsikia akitamka neno tembo bila kuweka jingine mbele yake, "suala la tembo", "mwingiliano wa tembo", kana kwamba tembo mwenyewe angemchafua.

Na kazi yote ilikuwa ya tembo. Tembo hutoka hifadhini wakaingia mashambani kula mahindi. Hilo kila mtoto wa huku analijua. Mradi ulikuwa unakusanya taarifa za vijiji, kila kijiji na taarifa yake, ili zote ziingie kwenye kitu walichokiita dashibodi. Dashibodi ni ukurasa wa kompyuta wenye ramani na michoro. Unaibonyeza ramani, inakuonyesha nukta nyekundu palipoharibiwa mashamba, na mahali palipoharibiwa sana nukta inakuwa kubwa. Wakubwa wangeitazama ramani hiyo, halafu wangeamua kituo cha askari wa wanyamapori kijengwe wapi, askari wakae hapo na gari lao, wawarudishe tembo kabla hawajafika kwenye mahindi. Kituo kilikuwa kimoja tu. Vijiji vilivyokikodolea macho vilikuwa vingi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Joyce, mtaalamu wa takwimu kutoka Morogoro, mwenye shahada na kucha ndefu zilizogonga kibodi kama mvua ya kwanza kwenye bati. Sitamsingizia: alikuwa anajua. Aliweza kufungua faili lililovurugika na kuona ugonjwa wake kabla mimi sijajua kichwa kiko wapi. Alinieleza kwamba taarifa zilizotoka vijijini zimeandikwa kwa ekseli ili zichapishwe, zipigwe mhuri, zipendeze. Dashibodi haitaki kupendezewa. Inataka jedwali tupu, kichwa kimoja juu, mstari mmoja kwa tukio moja, tarehe za namna moja, bila rangi, bila jumla zilizochomekwa katikati, bila visanduku vilivyounganishwa.

"Hii mashine, Siku, ichukulie kama mtoto anayedeka," alisema. "Ukimwekea mboga juu ya ugali hali. Kila kitu kwenye sahani yake."

"Na akikataa kula?"

"Anakaa kimya. Hakwambii kakataa. Ndiyo hatari yake."

Alisema hivyo mwenyewe, na nataka mkumbuke kwamba alisema.

Jioni nilimsimulia Bi Zaituni nikimchambulia mchele. Athumani alikuwepo, alikuwa akija Jumamosi kutoka Zombo kwa baiskeli kuleta mahindi na kuchukua mahitaji. Alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, na aliishi kwa utani.

"Kusafisha data," Bi Zaituni akasema. "Kwani inachafuka na nini?"

"Na nafasi, mama. Mtu akiandika Zombo, halafu akabonyeza nafasi mwishoni, mashine inaona hicho ni kijiji kingine."

"Kingine kiko wapi?"

"Hakipo."

Athumani akaweka chini kikombe. "Yaani wewe ukiniita Athumani halafu ukapumua, mimi nimekuwa mtu mwingine?"

"Kwa dashibodi, ndiyo."

"Basi karani, huko kwenu mna mjinga anayekula umeme." Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe kazi yako ni kusafisha tembo. Tembo anaoga mwenyewe mtoni, nyie mnamfuata na sabuni."

Kuanzia siku ile aliniita msafisha tembo, na akifika mlangoni huuliza kama leo nimemsugua masikio. Ila alipomaliza utani alikuwa akisema mambo ya kule kwao, na hayo niliyasikiliza nimekaa kwenye ndoo, hakuna aliyekuwa akinitazama, namna ninayoipenda. Kitongoji chao kiko mwisho kabisa, baada yake ni pori. Mahindi yakianza kubeba wanajenga madungu, yale majukwaa ya miti ya kulindia shamba, yakipangana mstari mmoja ukingoni mwa pori, na kamba yenye madebe inatoka dungu hadi dungu. Wanalinda kwa zamu. Katika msimu huo mipaka ya mashamba haisemwi. Tembo wakiingia kwa mmoja wameingia kwa wote. Kila kaya inamtolea aliyeliwa kikapu, na kesho yake wanakwenda wote pamoja kwa mtendaji, wanaume kwa wanawake, kutoa taarifa moja.

"Kwa nini moja?" nikathubutu kuuliza.

"Zamani alikwenda mtu peke yake akaambiwa alilala," akasema Athumani. "Tukienda wote, nani atatuambia tulilala? Watalala watu wote wale?"

Bi Zaituni naye alikuwa na shamba pale, karibu na dungu la Athumani, na chakula cha mwaka mzima cha nyumba mbili kilitoka hapo. Nilisikia anavyomwambia mdogo wake, akiwa amempa mgongo, anasukuma chapati: "Kituo hicho kikija, Athu, utashuka. Umri umekwenda wa kulala mtini kama kima." Naye akajibu, "Kikija nashuka, dada. Dungu nitafanyia kuni." Ndiyo maana mimi, ambaye sikuwa na shamba wala ndugu Zombo, nilianza kulingojea faili la Zombo.

Lilikuja likiwa limepambwa. Bwana shamba wa kule alikuwa mtu wa kupenda jedwali zuri, na kwake ekseli ilikuwa kitambaa cha kutarizi. Kichwa cha habari kilikuwa kimejaa ukurasa, chenye kivuli. Majina ya kaya zote yalishuka upande wa kulia, la kwanza likiwa la Athumani kwa kuwa ndiye kiongozi wa walinzi, na kila jina na ukubwa wa shamba lililoliwa. Upande wa kushoto, kwa kuwa taarifa ilikuwa moja, aliunganisha visanduku vyote kuanzia juu hadi chini vikawa kisanduku kimoja kirefu kama nguzo, akaandika katikati, kwa rangi ya damu ya mzee: Zombo, uvamizi wa tembo, msimu wa masika. Nina hakika alirudi nyuma hatua moja akajipongeza. Mtu aliyetumwa kuwasemea watu alikaa akichagua rangi.

Joyce alilifungua asubuhi moja tukiwa tunakunywa chai. Kabla hajanywa funda la pili alikuwa ameshavitenganisha vile visanduku. Sasa, visanduku vilivyounganishwa vikitenganishwa, maneno hubaki kwenye kile cha juu tu. Vya chini vyote huwa vitupu. Mstari wa Athumani ukabaki na kijiji, na tukio, na msimu. Mistari mingine yote ikabaki majina na ekari, bila kijiji, bila tukio. Joyce alikuwa na mafaili mengi siku ile. Akachuja mistari yote isiyo na kijiji, akaifuta, akalipakia faili, akachukua andazi.

Ramani ilipofunguka nilitafuta Zombo. Nukta yake ilikuwa kama punje ya mtama. Kando ya barabara kuu kulikuwa na kijiji ambacho sitakitaja jina, chenye nukta kubwa kama sahani. Mwenyekiti wake alikuwa amehudhuria semina, akaelewa haraka mchezo ulivyo, akawaandikisha watu wake kila mtu peke yake, kila jaruba peke yake, kila mgomba uliovunjika mstari wake. Simlaumu kwa kuelewa. Ninamdharau kwa ile migomba, maana nimeshapita pale na najua migomba ile huangushwa na mbuzi wake mwenyewe.

Nilikaa na punje ile ya mtama mpaka jioni. Haya ni kitu kizito. Ni kama kubeba maji mdomoni, ukitaka kusema lazima uyameze kwanza. Joyce alipokuwa anafunga mkoba nikasema, "Dada Joyce, Zombo ni wengi."

"Wengi vipi?"

"Wale wenye majina yaliyofutwa. Waliliwa wote. Wanatoa taarifa pamoja."

Hakubisha. Alifungua tena faili la bwana shamba, akaitazama ile nguzo nyekundu kwa muda mfupi tu, na nikaona usoni kwake kwamba ameelewa yote, kwa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Ilikuwa kazi ya kunakili neno moja kulishusha chini. Ilikuwa fupi hivi kwamba hata nyani wa pipani wangengoja imalizike.

"Ramani imeshatumwa Dar," akasema. "Na Mratibu ameshatengeneza maelezo yake juu yake. Nikibadilisha sasa nitaulizwa nilikuwa wapi."

"Ulikuwa hapa."

"Siku," akasema, kwa upole kabisa, "nenda nyumbani ukale."

Nimekutana na watu wengi wasiojua, na sijawahi kuwachukia. Joyce alijua. Kucha zake, shahada yake, mfano wake wa mtoto anayedeka na kukaa kimya, vyote vilijua, na vyote vikavaa mkoba vikaenda nyumbani.

Kikao cha wadau kilifanyika kwenye ukumbi wa hoteli. Waliitwa viongozi wa vijiji vilivyo njiani, maofisa, na wageni wawili kutoka Dar ambao walipuliziwa dawa ya mbu mchana kweupe. Chakula alipewa Bi Zaituni akipike, kwa hiyo wakati Mratibu anawasha ramani ukutani yeye alikuwa nyuma ya ukumbi anapanga sahani, kanga kiunoni. Mratibu alikuwa na kijiti chenye mwanga mwekundu, na alikipenda kuliko mtu anavyopenda mtoto wa kwanza. Alikizungusha kwenye ile nukta ya barabarani kama anaipaka mafuta. "Data inaongea yenyewe," akasema. Akakipitisha Zombo bila kusimama: "Hapa tuna tukio moja."

Nyuma ya ukumbi sahani zikaacha kulia.

"Samahani baba," ilikuwa sauti ya Bi Zaituni, "hilo moja ni la nani?"

Watu wakageuka. Wengine wakatabasamu, kwa vile mpishi amesema.

"Mama, tutakuja kwenye maswali baada ya chakula," akasema Mratibu.

"Baada ya chakula mtasinzia. Nauliza hilo moja. Mimi nimeliwa, Athumani ameliwa, mama Asha ameliwa mpaka mbegu. Nani kati yetu ndiye moja?"

Mratibu akanitafuta kwa macho, akidhani mwadilifu wake atatazama chini. Nami nilikuwa natazama chini. Lakini nilisimama hivyohivyo, macho yangu kwenye zulia lao chafu, nikasema nilichokijua: kwamba Zombo walitoa taarifa kwa pamoja, majina yao yalikuwepo, yalifutwa yalipokuwa yanasafishwa kwa sababu yaliandikwa chini ya kisanduku kimoja, na kwamba kurekebisha ni kazi ya muda mfupi. Sauti yangu ilitoka nyembamba, ila ilitoka. Nilimtazama Joyce. Alikuwa anaandika kitu kwenye simu.

Mgeni mmoja wa Dar akatabasamu. Hadi leo nikiliona tabasamu la namna ile natafuta mlango. "Mchango mzuri sana," akasema. "Tena kutoka kwa kijana. Mratibu, tuuchukue."

"Tumeuchukua," akasema Mratibu.

Na wakauchukua kweli, maana sijauona tena. Wakapiga makofi, wakala wali wa Bi Zaituni, wakaomba pilipili ya ziada. Walimpiga picha ameshika mwiko. Jioni, tukiosha masufuria, akasema, "Umefanya vizuri kusema. Wao wamefanya vizuri kusikia. Sasa ngoja uone kama kusikia kunafukuza tembo." Akanimiminia chai, akanipa ukoko wa wali uliobaki, sehemu ambayo kwa kawaida alijiwekea mwenyewe.

Kituo kilijengwa kando ya barabara kuu. Ni kizuri, kina bati la bluu na bustani. Askari waliowekwa pale hawana kosa. Walikaa walipowekwa, wakawangojea tembo ambao hawakuwa na sababu ya kupita, na madereva wakawa wanasimama kuomba maji. Kule Zombo msimu uliofuata mahindi yalibeba vizuri kuliko mwaka uliotangulia, kila mtu alisema hivyo, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa. Tembo walikuja. Walipita chini ya kamba ya madebe, mmoja akasukuma dungu la Athumani kwa paji la uso, kama mtu anavyosukuma mlango uliokwama, na dungu likalala naye ndani. Wenzake walimbeba juu ya kitanda cha kamba hadi barabarani. Nyonga ilivunjika, na ilipounga iliunga vibaya.

Taarifa yake ilifika ofisini kabla sijarudi kutoka hospitali kumwona. Joyce alikuwa ameiacha juu ya meza yangu, na Mratibu mwenyewe alitoka chumbani kwake, akafuta mafuta ya kuku vidoleni, akasimama chini ya yule sungura.

"Sikudhani, hii iingize leo," akasema. "Andika vizuri. Mstari mmoja, usiunganishe kitu. Itatusaidia, Zombo sasa watakuwa na matukio mawili. Tutaonyesha mwelekeo."

Sikujibu. Alidhani ni ule ukimya wangu wa kila siku. Nilizima kompyuta, nikachukua kikombe changu, nikatoka. Nyani walikuwa pipani. Nilifika kwa Bi Zaituni mchana, saa ambayo sijawahi kufika, naye alinitazama nikiwa nimeshika kikombe, akasogeza ndoo nikae, akanipa kitunguu nikimenye. Msimu huo wenye mashamba ya ukingoni waliyaacha, yeye mmojawapo, na pori likayachukua bila kujaza fomu. Mimi nilirudi Kilosa mwaka ulipokwisha, na sasa nauza vitenge sokoni, ambako mtu akiagiza sare akasema wako sita, anakuja na watu sita.

Kwa hiyo siku ya arobaini, Mratibu alipomaliza sahani ya pili, alikuja kumpa Athumani mkono wa pole. Alimwinamia, akamuuliza kwa sauti ile ya ngazi ya jamii kama na yeye ni mnufaika wa mradi.

"Mimi?" akasema Athumani. "Wewe hunijui mimi? Mimi ndiye tukio la kwanza la Zombo. Halafu nikawa na la pili."

Mratibu alicheka, akidhani ni utani wa wazee. Akamwambia dashibodi bado ipo, ila siku hizi hakuna anayeifungua. Mradi ulikwisha, nywila imepotea. Akaingia garini. Athumani akaniomba nimsaidie kusimama, na tulipokuwa tunatembea kuelekea kaburini kwa dada yake, yeye na fimbo yake, mimi na kanga niliyojitanda, akasema, "Msafisha tembo, wewe unaweza kuandika. Sisi sote tulikuwemo mle. Hebu turudishe."

Ndivyo ninavyojaribu. Na ninyi wa kitongoji kile, na wengine wa vijiji vya mwisho ambao baada yenu ni pori, mkisomewa haya niandikieni. Barua zikiachwa kwa wauza vitenge, soko la Kilosa, zitanifika. Mwandiko wowote nitausoma, mmeshaona wangu. Najua desturi yenu ni kuja wote pamoja na neno moja, na mimi nimeiheshimu tangu niliposikia. Lakini kwa hili naomba muivunje. Kila mtu aandike barua yake, na jina lake, na shamba lake, hata kama maneno ni yaleyale ya jirani. Mkiandika moja kwa pamoja, watasoma jina la juu.